Yai Alilolikataa Afisa

Nyoka wa Mzee Nathanael alikuwa mwembamba kama kidole cha mtoto na mrefu kama mkanda wa suruali. Katika maisha yake yote hakuwahi kumng'ata mtu, kwa sababu ndogo tu kwamba hakuwa na meno ya kung'atia. Alikuwa mla mayai. Wapo nyoka wa namna hiyo, tena wengi, ila watu huwaponda kichwa kabla ya kuwauliza wanakula nini.

Mzee alimfuga kwenye tangi la kioo lililokuwa la samaki, barazani kwake pale Moshono. Ukutani, juu ya tangi, alitundika kibali cha kufugia ndani ya fremu, kando ya picha ya kipaimara cha mwanawe. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye bustani ya nyoka upande wa Kisongo, akiwaonyesha wageni koboko na chatu, na alistaafu na vidole tisa. Kile cha kumi alikichukua kifutu.

"Tuliagana vizuri," husema mzee akiulizwa habari za kidole. "Yeye alibaki na chake, mimi nikabaki na vyangu."

Huyu mla mayai alikuwa na masharti kuliko bibi harusi. Yai la friji, hali. Yai la wiki mbili, hali. Akitazamwa usoni, hali. Ukimsogelea umejipaka manukato, leo hali na kesho hali. Tena yai lenyewe halitaki likiwa chini sakafuni. Sharti liwekwe ndani ya kiota cha mnana, kile kikapu cha nyasi wanachosuka ndege, ambacho mzee alikining'iniza kwa waya humo tangini. Hapo ndipo atapanda polepole, alizunguke yai, aliguseguse kwa ulimi kama mama anayechagua nyanya sokoni. Likimridhisha, anapanua kinywa mpaka unamwonea huruma, analimeza zima, na baada ya kitambo unasikia kooni, "kta". Ute na kiini vinashuka tumboni, ganda analitema limekunjwa kama barua. Lisipomridhisha, anageuka, anashuka, anajikunja pembeni. Hakuna rufaa.

Hakuwa na jina mpaka Sironka alipompa.

Sironka ndiye muuza chipsi wa pale kona, kijana wa Kiarusha mwenye mdomo usio na breki. Siku moja alinunua trei ya mayai ya kuku kwa mtu aliyepita na baiskeli, asiyemjua kwao wala kwake, na bei ikawa nafuu mpaka ikamtia wasiwasi. Akachukua matatu akaenda nayo barazani.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kumuuliza huyu bwana jambo."

"Marahaba. Hayo ya kuku hayawezi. Makubwa."

"Sijasema ameze, mzee. Anuse tu."

Mzee akacheka, akamkubalia. Wakayaweka kiotani moja moja, wakajibanza nyuma ya pazia. La kwanza, nyoka alilibusu kwa ulimi mpaka wakachoka kusubiri. La pili vilevile. La tatu aliligusa mara moja akashuka mbio kama aliyeitwa na simu. Sironka akalipasua lile la tatu uani, na wote waliokuwepo wakakimbilia barabarani. Lilikuwa viza.

"Huyu ni afisa wa afya kabisa," Sironka alisema akiwa ameziba pua. "Tena hajaomba hata soda!"

Basi jina likashika. Kuanzia hapo, mtu akitilia shaka yai mtaani kwetu, aliambiwa: peleka kwa Afisa. Watu wazima, wenye macho na pua zao, walipanga foleni kwa nyoka. Mzee Nathanael alikuwa amewakatalia wageni wa kila rangi kule Kisongo wasigonge vioo, lakini majirani alishindwa kuwakatalia. Aliishia kuwawekea benchi.

Aliyefaidi kuliko wote alikuwa Tunu.

Tunu, mama Najat, watu wake ni wa Kondoa, ila yeye alikulia mjini, katika nyumba za zamani karibu na msikiti. Miaka ishirini alifanya kazi za ndani: kupika kwa huyu, kufua kwa yule, kulea watoto wa watu mpaka wakawa wakubwa wa kumtuma. Alipopata banda lake la kware nyuma ya nyumba, aliapa kwamba hatafua tena nguo ya ndani ya mtu asiyemzaa. Kware walikuwa themanini, na walitaga kama wanashindana. Afisa alikula mayai yao mawili kila baada ya siku kumi, kwa kuwa yai la kware ndilo saizi ya kinywa chake, na Tunu hakuiacha habari hiyo ilale.

"Karibuni mayai ya kware," alinadi mezani kwake pale kona, mkabala na chipsi za Sironka. "Yameshapita kwa Afisa!"

Kunadi huko ndiko kulikomleta Fransiska. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja ya watalii njia ya Usa River, mama mnene, mtulivu, asiyecheka mpaka apewe sababu. Alitaka trei sita za mayai ya kware kila wiki, kutoka kwa mtu mmoja wa kuaminika. Alichukua yai moja mezani kwa Tunu, akaligeuza, akatazama kidole chake.

"Yangesafishwa kidogo, mama," alisema. "Nitarudi mwezi ujao, tuone."

Kwa Tunu, trei sita kila wiki zilikuwa ndiyo mpaka kati ya banda lake na karai la watu. Akizipata, anaongeza vizimba na kukaa kwake. Akizikosa, kware themanini hawatoshi kumvusha mwaka, atarudi kufua. Hakumwambia mtu, lakini mtaa mzima tulijua. Mtaa ndiyo kazi yake.

Sasa, mayai ya kware yana madoa. Ndivyo Mungu alivyoyachora, ya kahawia na meusi, kila moja kwa mchoro wake. Lakini wateja wa pale kona walikuwa wamemchosha Tunu kwa madoa hayo siku nyingi. "Mama Najat, haya hujayaosha?" "Mama Najat, huu si uchafu huu?" Na sasa mpishi mkubwa naye kasema yasafishwe. Tunu alilelewa akiambiwa usafi ni nusu ya imani, na kwa miaka ishirini alilipwa kwa nusu hiyo. Akajaribu maji; madoa yakabaki. Akajaribu sabuni, yakabaki. Akajaribu limao. Akalikata, akalisugulia yai moja taratibu, na madoa yakaanza kutoka kama hina. Chini yake yai likatokea jeupe, lenye ubuluu kwa mbali, laini kama kikombe cha kahawa. Alilitazama kwa furaha ya mtu aliyemshinda shetani jikoni.

Mwezi mzima alisugua mayai kwa limao. Wateja walishangilia. "Siku hizi ya kwako ni masafi!" Waliyanunua asubuhi, wakayachemsha jioni, hakuna aliyelalamika sana.

Ila Afisa hakuyala.

Mara ya kwanza mzee alidhani ni baridi. Mwezi wa saba kwetu mlima Meru hujifunika wingu wiki nzima, hata mtu mzima hula akiwa na koti. Alimwekea nyoka chupa ya soda yenye maji ya moto, akamfunika tangi kwa shuka, akasubiri. Afisa akapanda kiotani, akagusa, akashuka. Siku tatu baadaye, vilevile. Mara ya nne Sironka alikuwepo nyuma ya pazia, na Sironka akijua kitu saa nne, saa tano kimefika Engutoto.

"Dada Tunu," alimwita kutoka ng'ambo ya barabara, akipindua chipsi, "nasikia Afisa kafunga faili lako."

"Kaanga viazi vyako, Sironka."

"Vyangu havijakataliwa na nyoka."

Kwa siku nne meza ya Tunu ilikaa kama msiba usio na matanga. Watu walipita wakimsalimu kwa heshima kubwa, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote. Siku ya tano simu ikaita. Alikuwa Fransiska.

"Mama Najat, nimesikia huko kwenu kuna nyoka anapima mayai."

"Ni maneno ya mtaani tu, dada."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukinadi kwa jina lake. Nilikusikia kwa masikio yangu." Fransiska alisema bila ukali. "Jumamosi nakuja. Akila yako, tunaanza. Asipokula, tusilaumiane. Kuna mtu wa Tengeru naye ananisubiri."

Alhamisi Tunu akaenda kwa Mzee Nathanael na yai moja alilolibeba kwapani ili lisipoe, limefungwa kwa khanga. Akaamkia, akapewa kiti, na yai likawekwa kiotani. Afisa akapanda. Akagusa. Akashuka.

"Wewe," Tunu akamwambia nyoka kupitia kioo, "nimekukosea nini? Nimekulisha tangu mwaka juzi. Hata sijawahi kukuogopa sana."

Mzee alilitoa yai, akaligeuzageuza kwenye kiganja cha vidole vinne, akakipeleka kiganja puani.

"Mama Najat, leo mmekaanga samaki kwako?"

"Hapana, mzee."

"Mbona nanusa limao?"

Tunu akapanga upya khanga yake, kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeungama wizi wa kuku: Fransiska, wateja, sabuni, limao. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akacheka kiasi kwamba mbwa wa jirani alibweka.

"Mwanangu, kware anafanya kazi kulipaka yai lake rangi ile. Ndiyo koti la yai. Wewe unalivua koti mwezi wa saba, hapa chini ya Meru!"

"Kumbe ndiyo maana hali?"

"Nyoka halioni yai, analinusa. Anatafuta harufu ya ndege. Wewe umemletea harufu ya kachumbari." Akafuta machozi. "Yapo ambayo hujayasugua?"

Yalikuwepo. Jumatano ya wiki iliyopita malimao yalimwishia katikati ya kazi, na nusu ya trei ya siku hiyo aliisukuma chini ya meza ikangoje siku ya soko. Na kware hawajaacha kutaga. Ya asubuhi hiyo yalikuwa bado na madoa yao na mavi yao.

"Basi imekwisha," mzee akasema. "Jumamosi lete la asubuhi, lenye uchafu wake wote. Atalila mbele ya huyo mpishi wako, na wewe utakaa kimya. Limao tutalizika mimi na wewe."

Tunu akaenda nyumbani akiwa mwepesi. Usiku huo, kwa habari tulizopata, aliimba.

Ijumaa mchana mzee akamjia bandani. Alivua kofia kabla ya kusema, kwa hiyo Tunu alijua.

"Macho ya Afisa yamekuwa ya maziwa," mzee akasema. "Anataka kuvua ngozi. Akiwa hivyo haoni, hataki mtu, na hali. Wiki nzima. Pengine zaidi."

"Hata la asubuhi?"

"Hata ukimletea yai la malaika."

Tunu akampigia Fransiska kuomba wasogeze siku. Fransiska akajibu kwamba Jumamosi ni Jumamosi, na kwamba Tengeru si mbali. Sironka, aliyekuwa akipita kwa bahati kama kawaida yake, akaondoka na habari mpya: Afisa yuko likizo ya uzazi.

Jumamosi watu walijaa kwa mzee kama vile kuna kura. Benchi lilikaliwa, ukuta ukakaliwa, na wanne walisimama juu ya ndoo. Fransiska alifika saa nne na gari la hoteli, akaamkia wakubwa, akakataa chai, akasimama mbele ya tangi na mkoba wake begani. Mzee akaweka kiotani yai la asubuhi, lenye madoa na unyoya mmoja umegandia. Tukangoja. Afisa hakuinua hata kichwa. Alilala amejikunja chini ya chupa yake ya maji moto, macho kama matone ya maziwa, ngozi imechakaa kama rangi ya ukuta wa zamani.

"Anavua ngozi," mzee akaeleza. "Katika hali hii hali chochote, mama, hata kama…"

"Juzi ilikuwa baridi," akasema mtu juu ya ndoo.

"Kesho itakuwa jino," akasema Sironka, "na hana."

Watu wakacheka. Fransiska hakucheka. Alirekebisha mkoba wake begani, kama afanyavyo mtu anayetaka kuaga bila kuumiza.

"Pole, mama Najat. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Tunu akasema. "Mzee, naomba sahani mbili."

Mzee akaingia ndani, akatoka na visahani viwili vya chai. Tunu akaviweka juu ya kifuniko cha tangi, juu kidogo tu ya kichwa cha Afisa. Akatoa mfukoni mayai mawili: moja jeupe kama kikombe, moja la madoa.

"Dada Fransiska, umepika miaka mingapi?"

"Kumi na nne."

"Huko hotelini nani anakupimia mayai?"

Fransiska akamtazama. "Napima mwenyewe."

"Haya, pima. Yote mawili yametagwa Jumatano ya wiki iliyopita, banda moja, siku moja."

Akapasua lile jeupe. Ute ulitawanyika sahanini kama maji yaliyomwagika, kiini kikalala bapa na kupasuka chenyewe, na harufu ikapanda, si kali, lakini ya kutosha kumfanya mtu wa kwanza kwenye benchi asogee mpaka akawa wa pili. Akapasua la madoa. Kiini kikasimama juu ya ute mzito, mviringo, kimeng'aa, kama kilima chenye jua lake.

Hapo Tunu angeweza kuishia. Mzee alimkonyeza aishie. Yeye akavuta pumzi.

"Hili jeupe nililisugua kwa limao. Mimi mwenyewe. Nilitaka lipendeze. Yote niliyowauzia mwezi huu niliyasugua hivyo, kumbe yanawahi kuharibika. Nyoka hakunisingizia. Mimi ndiye niliyewauzia ninyi, na mnisamehe."

"Ndiyo maana!" Sironka akaruka. "Ndiyo maana Jumanne tumbo langu lilikoroma!"

"La kwako linakoroma tangu ubatizwe," Tunu akamjibu, na safari hii watu walicheka upande wake.

Fransiska aliinama. Alikinusa kisahani cha kwanza, akakisukuma mbali kwa kidole. Akakinusa cha pili, akakitikisa, akatazama kiini kinavyotetemeka bila kuanguka. Alichukua muda wake, kama ambavyo angefanya kwenye meza yake ya jikoni pasipo nyoka wala watu juu ya ndoo. Kisha akakiinua kisahani, akamimina yai lote kinywani, akameza.

Mtu mmoja akasema "kta", taratibu, na hakuna aliyemtaja mpaka leo.

"Kwa hiyo," Fransiska akasema akifuta mdomo kwa leso, "nimetoka Usa River kwa gari, nimepoteza asubuhi yangu, nije nyoka aninusie kitu ambacho pua ninayo."

"Na nyoka mwenyewe hakunusa," akasema mzee.

Ndipo Fransiska akacheka, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu. "Niliposema yasafishwe nilimaanisha mavi, mama. Futa kwa kitambaa kikavu. Madoa niachie. Na kila trei nitapasua matatu kabla sijapokea."

"Pasua manne," Tunu akasema.

Waliafikiana Jumanne ndiyo iwe siku ya kwanza.

Jioni hiyo Tunu aliyatupa meupe yote yaliyobaki kwenye shimo nyuma ya banda, akatangaza kwamba kila aliyenunua mwezi ule aje achukue mawili ya madoa. Foleni ilikuwa ndefu kuliko wateja aliowahi kuwa nao maishani. Walikuja watu ambao hawajui hata kware ana miguu mingapi. Sironka alipanga foleni mara mbili, ya pili akiwa amevaa kofia, akapewa mara mbili, na mara ya pili Tunu alimwambia, "Msalimie pacha wako."

Afisa alivua ngozi siku ya kumi na moja. Ilitoka nzima kama soksi, na mzee akaitundika kando ya kibali. Siku mbili baadaye, mchana, watu wakiwa makazini na Sironka akiwa ameenda kununua mafuta, mzee aliweka yai la madoa kiotani, akatoka barazani, akakaa kwenye ngazi akiwa amelipa tangi mgongo. Alisikia nyasi za kiota zikichakarika. Kikapita kimya kirefu. Kisha, "kta".

Akavaa kofia, akaenda moja kwa moja mpaka bandani. Tunu alikuwa ameingiza nusu ya mwili ndani ya kizimba kipya, anafunga waya.

"Mama Najat! Afisa kakubali. Kalila lote, ganda kalitema safi."

"Lile la jana?" Tunu akauliza kutoka humo ndani.

"Lile lile."

Tunu akakata waya kwa koleo, akaukunja ncha usije ukamchoma ndege.

"Lilikuwa zuri," akasema. "Nililinusa kabla ya kukuletea."